Mwongozo wa Kuwavalia Watu Ofisini

Hongera kwa kupata kazi. Barua ya ajira umeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo, picha yake umeituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na shangazi mmoja ameshakuomba mchango wa ada ya shule. Limebaki jambo moja, ambalo barua ililigusa kwa maneno mawili tu, "mavazi nadhifu", kisha ikakuacha ujitegemee: Jumatatu utavaa nini?

Usikimbilie kabatini. Kabati lako halijui lolote kuhusu ofisi unayokwenda. Anza na macho ya watu. Nguo za nyumbani unajivalia mwenyewe, za harusini unaivalia kamera, za ofisini unamvalia mlinzi wa getini, bosi, mwenzako wa meza ya pili na kiyoyozi. Huyo wa mwisho si mtu, lakini fanya naye kazi wiki moja ndipo uje unibishie.

Bango na mlinzi wake

Kama umeajiriwa serikalini una bahati, maana sheria zimechorwa kabisa. Tangu Waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, ofisi nyingi zimebandika mlangoni bango lenye picha za wanawake na wanaume waliovaa visivyo: sketi fupi, blauzi inayoacha kitovu nje, suruali ya kubana, kaptula, fulana, ndala. Kila mmoja amepigwa alama ya kosa kwa rangi nyekundu. Lisome bango hilo taratibu. Utagundua kwamba hao waliokatazwa ndio watu wenye furaha kuliko wote katika jengo zima. Wamesimama wima, wamenyoosha shingo, hawana faili lililopotea, hawasubiri saini ya mkubwa aliyekwenda Dodoma. Hilo lisikuchanganye. Hao ni michoro, wewe una mkopo wa benki unaokusubiri.

Bango halisimami peke yake. Lina mfasiri, naye ni mlinzi, na tafsiri yake ndiyo sheria ya siku hiyo. Simama karibu na geti asubuhi yoyote usikilize:

"Dada yangu, kwa hiyo nguo huingii."

"Kaka, nimekuja kuchukua cheti tu. Dakika mbili natoka."

"Nimekuelewa. Lakini bango si unaliona?"

"Sketi yangu imevuka magoti, tazama."

"Hapo umesimama. Ukikaa je?"

Swali hilo ndilo chuo kikuu cha mavazi ya kazini, na mtihani wake utaufanyia nyumbani kabla ya Jumatatu. Weka kiti cha plastiki mbele ya kioo, kaa. Inama uokote kalamu. Nyoosha mkono kama unachukua faili lililo juu ya kabati. Mwisho panda bodaboda. Hilo la mwisho lifanyie kwenye mkono wa kochi, begi likiwa mgongoni. Nguo ikifaulu yote hayo, ndiyo ya kazi. Ikiwa hakuna hata moja iliyofaulu usijilaumu. Nguo nyingi hushonwa kwa ajili ya mtu aliyesimama, na kazi ya kusimama ofisini ni ya mlinzi, ambaye yeye kapewa sare.

Wazee wa ofisi watakuambia kwamba zamani watu walikuwa wanavaa kwa heshima. Waulize kwa adabu, zamani ipi? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana marufuku Dar es Salaam. Watu hawapigi marufuku kitu ambacho hakuna anayekivaa. Lawama nyingi ziliwaangukia wasichana waliokuwa wameanza kushika kazi za ofisini mjini, na wengine walikimbizwa na vijana mitaani kwa sababu ya sketi. Bibi yako anayekaa leo barazani na dera lake, ukimbembeleza vizuri, anayo albamu. Na kuhusu wigi hatuna haja ya kubishana, ingia ofisi yoyote mjini uhesabu vichwa. Wigi lilishinda.

Kitakachokusumbua zaidi ni kubana. Urefu wa sketi unapimika kwa futi ya fundi, ukasema hapa na hapa. Kubana kunapimwa na jicho, na kila mtu amekuja na lake. Juni 2021, bungeni Dodoma, mbunge mmoja mwanamume alisimama kulalamikia mavazi ya mbunge mwenzake wa kike, na Spika Job Ndugai akamwamuru mbunge huyo wa Momba atoke akavae vizuri ndipo arudi. Alikuwa amevaa blauzi ya njano na suruali nyeusi. Watu waliikuza picha yake kwenye simu kutafuta kosa lilipo, na mpaka leo wapo wanaobishana kama ilibana au haikubana. Sijasikia kwamba fundi aliitwa kupima.

Wanaopenda vipimo waende Uganda. Mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ya huko ilitoa waraka uliokataza, pamoja na mambo mengine, nywele za rangi za kuwaka na kucha zinazozidi sentimita 3. Chukua rula uone sentimita 3 zilivyo. Mwenye kucha ya sentimita 2.9 yuko ndani ya sheria, hakuna wa kumgusa, ila soda atafunguliwa na mtu mwingine, na barua pepe ya mistari miwili itamchukua mpaka saa ya chakula.

Lipo jambo ambalo hakuna bango linaloweza kulichora. Gauni moja, kitambaa kimoja, fundi mmoja, kila mtu kapimiwa la kwake. Mpe dada mwembamba wa uhasibu, ataambiwa amependeza. Mpe mwenzake wa masijala aliyejaliwa umbo, ataitwa kwa afisa utumishi, mlango utafungwa, na ataambiwa kwa sauti ya chini kwamba "kuna malalamiko". Gauni ni lile lile na urefu ni ule ule. Kinachopewa onyo hapo ni nyonga, na nyonga huwezi kuziacha nyumbani ukazifuata jioni. Wengi walioitwa hivyo huishia kununua kikoti kirefu, wakakivaa Januari hadi Desemba kama mtu mwenye homa. Mimi sioni kwamba wao ndio wangepaswa kuitwa, nadhani angeitwa mlalamikaji aelezwe kazi aliyoajiriwa kuifanya, lakini huu ni mwongozo wa mavazi na sitaki kuvuka mipaka. Dawa pekee niliyoiona ikifanya kazi ni cheo.

Cheo hulegeza nguo. Pita kwenye korido ya ofisi kubwa na utawajua watu kwa vyeo vyao bila kuambiwa. Aliyefunga tai mpaka kooni, akavaa na kizibao, jasho likimtiririka, huyo ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, hana hata kiti. Mwenye shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa ni afisa. Mwenye kadeti na shati lililochomolewa ni mkuu wa kitengo. Yule aliyekuja na raba na fulana ya kola, miwani ya jua juu ya kichwa, msimamishe umwamkie kwa heshima zote, huyo ni mkurugenzi. Mkurugenzi akivaa jinzi watu husema hana makuu. Wewe uvae jinzi hiyo hiyo, watauliza umeletwa na nani. Mark Zuckerberg alikuwa akivaa fulana ya kijivu kila siku na dunia ikamwita mtu wa kufikiri sana. Jaribu hivyo masijala, wiki ya pili utaanza kuchangiwa.

Suti

Sehemu hii ni ya akina kaka hasa, ingawa akina dada wanaruhusiwa kusoma na kucheka.

Tatizo la suti ya Kizungu katika nchi hii ni kwamba tulishapata jibu, tukalipoteza. Viongozi wetu wa mwanzo walivaa suti ya Kaunda, iliyochukua jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia: koti la kitambaa chepesi, mikono mifupi ukitaka, mifuko minne ya kuwekea kila kitu, na shingo iko huru, haina tai. Mwalimu alivaa, mawaziri wakavaa, kisha makatibu tarafa na walimu wakuu. Leo kijana akiivaa kwenye usaili watamuuliza kama baba yake hajambo. Kenya ndiko ilikopata misukosuko zaidi. Rais William Ruto alikuwa ameshaifanya vazi lake la kawaida, mafundi wakapata wateja, halafu Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, akaipiga marufuku bungeni, akataka koti, kola na tai. Kumbe vazi linaweza kufaa Ikulu na lisifae ng'ambo ya barabara.

Basi utanunua suti. Ya dukani ni mshahara wa miezi ambayo bado hujaifanyia kazi, kwa hiyo nenda Karume, Ilala, asubuhi mapema belo linapofunguliwa, kabla wenye maduka ya Sinza hawajachagua nzuri zote. Usione haya. Tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, mitumba ndiyo iliyozivalisha ofisi za nchi hii, za chini na za juu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikanuna, nchi moja moja zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikaondolewa msamaha wa ushuru wa nguo inazouza Marekani. Waliokutana kujadili hayo wote walikuwa wamevaa suti, na hakuna mwandishi wa habari aliyewauliza zilitoka wapi.

Ukiwa Karume, shika koti kwa mabega, lielekeze kwenye mwanga, tafuta nondo walipopitia. Nusa kwapa. Shati likague kifuani, maana mengi mazuri yana nembo ndogo iliyotariziwa, na si jambo jema kwa afisa mikopo wa benki kumhudumia mteja akiwa amevaa shati la kampuni ya mafundi bomba wa Canada. Nembo ikiwa ndogo, funika kwa kamba ya kitambulisho. Ndiyo kazi yake kubwa hiyo kamba.

Ikiwa umejikaza ukanunua suti mpya, kuna vitu viwili vya kukata. Kwenye mkono wa koti, juu kidogo ya vifungo, kuna lebo ya kiwanda. Nyuma, kwenye mpasuo, kuna uzi uliopigwa mfano wa herufi X. Vyote ni vya dukani, vimewekwa ili koti lisikunjamane njiani na muuzaji alitambue kwenye mstari. Muuzaji anajua, fundi anajua, lakini mnunuzi akifika nyumbani huona kwamba akikata lebo hakuna atakayejua koti ni jipya. Ndiyo maana unakutana na bwana mzima anayesaini hati za nyumba ya watu huku mkononi lebo inameta. Mimi nasema kata. Ukiona uchungu, iweke kwenye pochi, awe anaonyeshwa anayeuliza.

Hali ya hewa ya ndani

Umepanda mwendokasi Kimara ukiwa umepigwa pasi, umeshuka Posta ukiwa umekunjwa. Ni Februari, joto limeshapita nyuzi 30 na unyevu wa bahari unakushika shati mgongoni. Unaingia ofisini, unasema alhamdulillahi, na baada ya nusu saa vidole vimekufa ganzi. Kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, na rimoti anayo mtu mmoja asiyejulikana.

Watafiti wawili wa Uholanzi walichapisha mwaka 2015 makala iliyoonyesha kwamba vipimo vya joto la ofisini vinavyotumika duniani vilitungwa miaka ya 1960 kwa kuangalia mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Wanawake wengi mwili wao huzalisha joto kidogo kuliko huo, kwa hiyo wanaganda. Japani walijaribu njia yao: mwaka 2005 serikali ilianzisha kampeni ya kuwataka watumishi wavue tai na makoti wakati wa kiangazi na viyoyozi viwekwe nyuzi 28. Kwetu mambo yanakwenda hivi: bosi kavaa suti, kwa hiyo anasikia joto, kwa hiyo kiyoyozi kinashushwa, kwa hiyo wengine wote tunavaa masweta. Tunalipa bili ya umeme ili tuwe Makete, na ukichungulia dirishani unaziona boti za Zanzibar.

Hivyo nunua sweta. Umeme nao ukikatika, usiwe wa mwisho kuvua. Ndani ya dakika kumi makoti yote yatakuwa yametoka, na hapo ndipo ukweli wa nchi hujulikana, kwa sababu mashati mengi ya chini ya koti hupigwa pasi kola, kifua na ncha za mikono tu. Mgongo umebaki vile vile ulivyotoka kwenye kamba.

Sweta hilo lina kazi nyingine iliyo muhimu kuliko baridi. Lining'inize mgongoni mwa kiti chako, uliache hapo. Koti la kiti ni mtumishi anayejitegemea: linawahi kuliko wewe, linachelewa kuondoka kuliko wewe, halijawahi kuumwa wala kufiwa. Mteja akija kukuuliza, mwenzako atalitazama koti na kusema kwa dhamiri safi, "Yupo, ametoka kidogo." Kidogo hicho kinaweza kufika Bagamoyo. Ila lazima lichaguliwe kwa akili. Rangi iwe ya kijivu au ya bluu iliyofifia, lisiwe zuri likaibwa, lisiwe bovu likatupwa na mfanya usafi. Weka na miwani ya kusomea juu ya faili lililofunguliwa. Wazoefu huongeza kikombe cha chai kilichonywewa nusu, lakini hiyo ni elimu ya juu, usianze nayo.

Viatu sitavisema sana. Uwe na jozi mbili, ya njiani na ya mezani. Mchuchumio na moka za kung'aa hukaa chini ya meza ndani ya mfuko wa plastiki, na njiani unakuja na raba au ndala, hasa Aprili mvua za masika zinapoligeuza bonde la Jangwani kuwa ziwa. Ukikutana na bosi kwenye lifti kabla hujabadilisha, usitazame miguu yako. Ukiitazama ataitazama. Na wewe wa wigi unayekuja na bodaboda, kofia ngumu ile ni sheria na ni uhai wako, ivae, halafu pitia msalani kwanza kabla hujasalimia mtu.

Sasa mama wa mkopo. Kila ofisi inaye. Huja mnamo saa tano, chai imeshashuka na bosi ameingia kikaoni, akiwa na begi kubwa la mistari. Chumba cha mikutano hugeuka duka kwa muda. Utakuwa umekaa mezani, umeapa mwezi huu hununui kitu.

"Mwanangu, hii nimekuletea wewe. Nilipoiona tu Kariakoo nikasema hii ina mwenyewe."

"Shikamoo mama. Sina hela kabisa, nakwambia kweli."

"Marahaba. Kwani nani kakuomba hela?"

Anakuwekea begani. Wenzako wanasema, "Eeh, imekutoa!" Jina lako linaingia kwenye daftari la jalada gumu, mstari wa kumi na ngapi huko, chini ya majina ya watu usiowadhania, akiwemo yule aliyekuita kukuonya kuhusu mavazi. Ukimkopa, kumbuka mambo mawili. La kwanza, hilo gauni "lenye mwenyewe" lina wenyewe watatu kwenye ghorofa yenu, na Jumatatu mtatoka kwenye lifti kama kwaya. La pili, huyu mama anajua mshahara umeingia kabla wahasibu hawajajua. Ukiona begi la mistari siku ambayo si ya kawaida yake, fungua simu uangalie salio.

Ijumaa na sikukuu nyingine

Ijumaa sheria hupumzika. Mwanamume wa Kiislamu atakuja na kanzu iliyonyooka na kofia ya kutariziwa, na kwa siku hiyo moja atakuwa ndiye aliyevaa vizuri kuliko wote, tena kwa vazi lenye hewa. Wenzake wataambiwa ni siku ya vitenge. Hapo usidanganyike ukadhani uko huru. Kitenge kina mshono, na mishono ina wakaguzi wake wanaofanya kazi kwa macho kutoka mlangoni mpaka unapokaa. Fundi aliyekuahidi Alhamisi jioni atakuwa amezima simu. Mpigie mke wake.

Ipo pia Ijumaa ya kabla ya Simba na Yanga kukutana, ambapo idara nzima hujigawa kwa rangi na barua huchelewa kusainiwa kwa sababu zisizoandikwa popote. Kwa nyekundu na nyeupe utaeleweka ni wa Msimbazi. Kijani na njano ina utata kidogo, kwani mbali na Yanga wa Jangwani kipo chama cha siasa chenye rangi hizo Lumumba, na mtumishi wa umma hatakiwi kuonekana ana upande. Ukibanwa, sema ni mpira. Ukibanwa na shabiki wa Simba, sema ni chama.

Machi 8 huwa na kamati ya sare. Mtachangishwa, kitambaa kitanunuliwa kwa jora, rangi itakuwa ile isiyompendeza mtu yeyote, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo hakuna kundi lililoipinga. Kila mmoja atashona mshono wake, na picha ya pamoja itaonyesha wanawake arobaini waliovaa pazia moja kwa namna arobaini. Mei Mosi ni rahisi zaidi. Mnapewa fulana na kofia, saizi ni moja kwa wote, mlinzi inamfika magotini na bosi inamwishia juu ya kitovu. Umeona? Ni siku moja tu kwa mwaka ambapo kitovu kile kilichopigwa alama nyekundu mlangoni hupita mbele ya mgeni rasmi, kikapungiwa mkono.

Utazoea. Kufika mwaka wa pili utakuwa na suruali mbili za kitambaa, moja nyeusi na moja ya bluu, mashati matano au magauni matano ambayo yameshahojiwa na kuachiwa, sweta la kiti, jozi ya chini ya meza, na deni dogo daftarini ambalo haliishi. Mlinzi atakuwa anakuita kwa jina. Wakati huo huo itakuja barua kutoka juu kwamba bosi amehamishwa, na mrithi wake anaripoti wiki ijayo. Usinunue kitu. Vaa nguo zako za katikati, zile zisizosema neno, kaa karibu na dirisha asubuhi anayowasili, umtazame anaposhuka kwenye gari, miguu kwanza. Akiwa na moka zilizong'arishwa, rudisha tai shingoni. Akiwa na raba, subiri uone za rangi gani. Akishuka na suti ya Kaunda, toka taratibu, acha sweta kitini, umwahi fundi kabla idara nzima haijafika.